Nyavu Nilizolowesha kwa Maji ya Chupa

Bi. Hester mpendwa,

Nisaidie, mama, maana nimefika mahali sili wala silali, na mke wangu anadhani ni tumbo. Jina langu usilichapishe, tafadhali. Nina miaka hamsini na nane, ni fundi wa matrekta huku Lincolnshire, na kwa miaka ishirini na miwili nimekuwa nikivua kwenye bwawa moja ambalo sitalitaja, la mama mmoja mjane ambaye nitamwita Glenys ingawa si jina lake. Mumewe alilichimba bwawa lile, akalijaza karpi, wale samaki wanene wa rangi ya shaba, kisha akafariki, na mama anaishi kwa bwawa hilo tu, hana kingine. Tunavua kwa ndoano, kwa mashindano, tunawaweka hai ndani ya nyavu zilizozamishwa majini mpaka mwisho, tunawapima kwenye mizani, tunawarudisha majini wakiwa hai. Hakuna anayewala, na wengine tunawajua kwa sura.

Sasa pale kuna sheria moja kubwa kuliko zote. Kila wavu unaotoka nyumbani lazima uzamishwe kwenye pipa la dawa langoni kabla haujagusa maji, kwa sababu karpi wana ugonjwa wao, unasafiri ndani ya nyavu mbichi kutoka bwawa hadi bwawa, hauna tiba, na maji yakishapata joto unaweza kufagia bwawa zima. Hilo nalijua kama ninavyojua njia ya kwangu.

Bi. Hester, Jumapili ile ya mashindano niliamka nimechelewa, gari likakataa kuwaka, nikafika zimebaki dakika nne watu waanze kuchomoa kutoka kwenye mfuko namba za vituo, yaani mahali pa kukaa kuvua, na asiyekuwepo huachiwa kituo kilichobaki, nami nikaona pale kwenye pipa kuna foleni ya watu tisa wanapiga soga utadhani wako arusini, damu ikanichemka, nikazunguka nyuma ya gari, nikatoa chupa ya maji ya kunywa, nikazimwagia nyavu zangu mbili mpaka zikachuruzika, kwa sababu mkaguzi wa langoni haulizi kitu, anaangalia tu kama nyavu zinachuruzika. Mkaguzi siku hiyo alikuwa Royston, rafiki yangu wa tangu shule. Akazishika, akaona maji, akasema, "Haya pita, babu, umechelewa mpaka samaki wamekunywa chai." Nikacheka. Nikapita.

Na nyavu hizo, mama, Jumatano yake nilikuwa nimezitumia kwenye bwawa jingine ng'ambo ya mto, nikazikunja mbichi, zikalala ndani ya buti la gari siku nne.

Ungesema basi angalau nilipata kitu. Wapi! Niliingiza mkono kwenye ule mfuko nikatoa namba kumi na saba, kituo ambacho upepo unakupiga usoni na matete yanakula mishipi. Saa ya kwanza sikuguswa hata mara moja. Saa ya pili ndoano yangu ikanasa kwenye mti, nikavuta, ile fimbo ndefu ya kuvulia ikapasuka kipande cha nne, kile kile nilichobadilisha mwezi wa tatu. Nikamwaga mahindi ya kopo kuita samaki, wakaja bata. Nikamnasa karpi mmoja mzito, nikamleta mpaka ukingoni, nikauona mdomo wake, akageuka akaenda zake. Royston yuko kituo cha kumi na nane anavuta mmoja baada ya mwingine, na kila akivuta ananipigia kelele, "Wewe mzee, unavua au unalinda maji yasiibiwe?" na wenzake wanaangua kicheko, nami nimeuma meno. Hasira zangu zote nikazielekeza kwa wale bata, Mungu anisamehe. Kipenga kilipolia nina karpi watatu, ratili kumi na moja, wa mwisho kati ya watu ishirini na sita. Glenys akaniletea chai na mkate wa nyama ya nguruwe, akanishika bega, akasema, "Usijali, kipenzi, samaki hawaendi popote, watakungoja." Nilidhani hiyo ndiyo siku mbaya. Kumbe nyavu zangu zilikuwa zimekaa ndani ya maji yake saa sita.

Alhamisi iliyofuata ndipo habari zikafika. Lile bwawa la ng'ambo ya mto limefungwa. Karpi wanaelea matumbo juu, macho yamezama, mashavu yameoza. Nilikuwa chini ya trekta la mtu niliposikia, nikabaki nimelala pale pale nikijifanya natafuta spana.

Jioni ile Glenys akatupigia simu mmoja mmoja. Aliponifikia akauliza kwa upole tu, "Kipenzi, na wewe hukuvua kule karibuni?" Na mimi, mama, nikasikia mdomo wangu unasema, "Kule? Sijakanyaga tangu mwaka jana." Akashusha pumzi. Akasema, "Ahsante Mungu. Umenipunguzia mzigo."

Tangu hapo, siku ya tisa sasa, kila asubuhi kabla ya kazi napitia bwawani, nasimama ukingoni, nahesabu migongo. Karpi akijikuna kwenye tope nahesabu upya. Akiruka nahesabu upya. Juzi niliona kitu cheupe kwenye matete, nikakikimbilia, kumbe ni mfuko wa plastiki. Jua linawaka kila siku na kila mtu anasema hali ya hewa nzuri, nami natamani mvua ya barafu. Glenys ananiona, anafikiri ninakuja kumlindia bwawa, ananiletea chai. Naipokea, nakunywa.

Na Jumapili ya wiki ijayo ni mashindano ya kumkumbuka mumewe. Watakuja watu arobaini kutoka vilabu sita, kila mmoja na nyavu zake, na wakimaliza watarudi nazo kwenye mabwawa yao.

Nikisema, nitafukuzwa, jina langu litaoza kaunti nzima, na Royston aliyenipitisha ataonekana mzembe. Lakini kinachonitisha zaidi ni uso wa yule mama. Kaka yangu alipokufa, mama huyo alikaa na mimi siku nzima. Na pengine nyavu zangu hazikubeba chochote! Pengine nitavunja moyo wa mtu bure. Nimeshanunua dawa, nimezizamisha nyavu mara tatu. Nimefikiria pia kumwachia karatasi langoni bila jina. Nisubiri kwanza nione kama kuna samaki atakayekufa, au nifanyeje? Naogopa, Bi. Hester. Sijawahi kuogopa hivi.

Mimi,
Wa Kituo cha Kumi na Saba

*

Wa Kituo cha Kumi na Saba,

Pole. Nakupa pole hiyo kwa moyo wote, na uishike vizuri, kwa sababu haitafuata nyingine mpaka mwisho.

Hebu tuanze na kalenda. Umeandika Jumamosi. Barua imenifikia Jumanne. Gazeti hili linatoka Ijumaa. Mashindano ni Jumapili. Mwanamume mzima mwenye simu mfukoni, anayemwona mama huyo kila asubuhi uso kwa uso, ameamua kuniandikia mimi nisiyemjua, kwa posta! Unajua ulichokuwa unatafuta? Ulitaka jibu lichelewe. Ulitaka Jumapili ipite, kisha useme, "Nilikuwa nangoja ushauri." Hunipati hapo, ndugu yangu.

Chupa ya maji naielewa. Mtu amechelewa, ana hasira, anafanya ujinga wa dakika moja. Wapo wengi wenu, na najua sasa hivi kuna msomaji mwingine ameshika gazeti hili na masikio yamemwaka moto. Lakini ile simu ya Alhamisi siielewi. Alikuuliza kwa upole, ukamdanganya, akamshukuru Mungu kwa uongo wako, halafu unakunywa chai yake! Tangu Alhamisi ile wewe si mtu aliyekosea tena. Wewe ni mtu anayemwacha mwenzake alale ndani ya nyumba ambayo huenda inaungua.

Unasema pengine nyavu hazikubeba kitu. Kweli, pengine. Mimi sijui, wewe hujui, na kuhesabu migongo ya samaki hakutakwambia. Nimempigia mtaalamu wa samaki kabla ya kukujibu. Anasema ugonjwa huo unaweza kukaa kimya wiki nzima, mbili, hata zaidi, samaki wakiogelea vizuri kabisa mbele ya macho yako, kwa hiyo kusubiri uone maiti ni kusubiri uhakikishe umechelewa. Wanaoweza kujua ni wakaguzi wa afya ya samaki wa serikali, wakichukua vipimo. Na hawatakuja bila kuitwa, na anayepaswa kuwaita hajui kwamba ana sababu ya kuwaita. Umeona ulipomweka?

Kuzamisha nyavu mara tatu baada ya kuzitumia kumesaidia dhamiri yako tu. Ziweke ndani ya mfuko, zifunge, zisiguse maji ya mtu yeyote, na wakaguzi wakizitaka wape. Acha kwenda ukingoni asubuhi, na buti zako za miguuni zikae nyumbani, nazo huenda zinabeba ugonjwa. Karatasi isiyo na jina sahau kabisa: mama huyo ataanza kuwatazama watu ishirini na sita kwa jicho la shaka, Royston akiwa wa kwanza, na wewe utakuwa umekaa katikati yao ukitikisa kichwa. Mwambie mkeo leo hii kwamba si tumbo.

Kuhusu uso wa Glenys, sitakudanganya. Huenda akakufukuza. Huenda asikusamehe, na ana haki hiyo. Lakini bado ana siku mbili za kuzuia watu arobaini wasibebe balaa kwenda mabwawa mengine sita, na siku hizo ni zake, wewe unazikalia.

Sasa jambo la mwisho. Uliniomba nisichapishe jina lako. Sijalichapisha. Hukuniomba niondoe mengine, na sijayaondoa: mjane, kituo cha kumi na saba, ratili kumi na moja, mashindano ya kumkumbuka marehemu. Kama ningejua bwawa lenyewe ningempigia mwenyewe tangu Jumanne. Sijui, kwa hiyo nimefanya nilichoweza. Gazeti linafika madukani saa moja asubuhi. Kufikia saa nne, mtu atakuwa amemsomea mama huyo ukurasa huu.

Kwa hiyo liweke gazeti chini, sasa hivi, na uchukue simu. Usianze na foleni, usianze na gari lililokataa kuwaka. Sema hivi: "Mama, nyavu zangu zilitoka kule ng'ambo ya mto na sikuzizamisha. Nilikudanganya. Funga lango." Kisha nyamaza, na chochote atakachokwambia, usikate simu.