Hitima Bila Pilau: Kumbukumbu ya Suleimani Turubai wa Rahaleo

Mwaka umetimia, Baba Warda, tangu asubuhi ile uliposema kifua kinakubana, ukaomba kiti ukae kidogo, na kabla bajaji haijafika kukupeleka hospitali ukawa umetutoka. Turubai walilokaa chini yake waliokuja kukulilia lilikuwa lako. Viti vilikuwa vyako, sufuria na sahani ni zako. Watu walikaa siku tatu, wakala, wakakusifu, wakaenda zao, na mkeo Mgeni akabaki anaosha vyombo.

Rahaleo nzima ilikujua kwa jina la Suleimani Turubai. Hapakuwa na harusi, maulidi wala ngoma ya unyago iliyofanyika bila kamba zako. Kwenye msiba hukumtoza mtu. Kwenye harusi ulitoza, ila ulipokwenda kudai ulibisha hodi kama mtu aliyekuja kuomba chumvi. Ukijibiwa "Baada ya korosho, Suleimani," ulirudi nyumbani umeridhika kama uliyelipwa. Misimu mingapi imepita? Korosho zimeanikwa, zimepimwa, zimeuzwa mnadani, hela zimeliwa, na wale watu bado wanasubiri korosho.

Hatusemi haya kukuaibisha. Ulikuwa mtu mwema, tena mwema mpaka unaudhi. Ulikuwa hupati usingizi turubai likiwa limekunjwa vibaya. Ukirudi kutoka kwenye shughuli ulimletea Shamimu, binti yako mdogo, nyama kwenye kifuniko cha hotipoti, hata alipokwisha kuwa mkubwa wa kuona haya. Na Mgeni ulimwita Bosi, kwa sababu ndiye aliyehesabu vijiko vikirudi, na hukuwahi kubishana na hesabu yake hata pale ilipokuwa dhidi yako.

Warda alipochaguliwa kwenda chuo kikuu Dodoma, ulizunguka na habari hiyo mpaka wakaanga mihogo wakaijua. Mkopo wa serikali ulimfaa kwa sehemu. Ada iliyobaki ilikuwa juu yako. Mgeni alikushauri uanze na wanaodaiwa. Wewe uliona vibaya. Ukawaita ndugu na majirani, ukasimama mbele yao na kanzu yako ya Idi.

"Nawaombeni mnichangie ada ya mtoto," ukasema, "kama tunavyochangiana ngoma."

Kaka yako Mohamedi alikuwa amekuja kutoka Msimbati siku hiyo. Akasema, "Hilo jema sana, mdogo wangu. Ngoma yenyewe lini?"

"Hakuna ngoma, kaka. Ni ada."

"Sasa watu waje watunze nini? Watunze risiti?"

Wakacheka wote, na wewe ukacheka nao, na hapo ndipo ulipopotea. Ukakubali kufanya ngoma. Mgeni alikuvuta nyuma ya nyumba akakuuliza kama akili zako ziko sawa, ukamwambia atulie, watu wakishiba mikono itafunguka. Sare za khanga zikanunuliwa, ngoma zikapigwa, pilau likapikwa. Mikono ikafunguka kweli. Warda akatunzwa kama mwali anayetolewa: mabeseni, masufuria, chupa za chai, vikombe vya maua. Noti chache zilizoanguka kwenye mkeka ziliishia kwa wapiga ngoma na muuza nyama. Kesho yake ulisimama katikati ya mabeseni ukicheka mpaka machozi yakakutoka. Mgeni hakucheka. Alijua hakuna chuo kinachopokea beseni.

Kuanzia hapo kila muhula kitu kiliondoka nyumbani. Kilianza kipande cha shamba la mikorosho kule Mpapura, urithi wa mama yako. Likafuata lile spika kubwa. Likafuata guta la magurudumu matatu la kubebea viti, ukawa unafunga viti kwenye baiskeli ya kuazima, unakwenda na kurudi juani kwa shughuli moja, na presha yako ile. Mgeni alikuwa akikuona unaingia uani jasho linakutiririka, anakupa maji na kunyamaza, kwa sababu akisema neno mtagombana, na ugomvi haulipi ada.

Bumu la Warda, ile hela ya kujikimu ya mkopo, likichelewa, ulipeleka stendi kifurushi cha korosho zilizobanguliwa, dagaa na unga wa muhogo, ukamwachia kondakta wa basi. Warda aliuza zile korosho hosteli, akapata hela ya kutoa kopi za notsi. Akipiga simu hukumwacha amalize salamu. "Ada ipo, mwanangu, wewe soma." Mgeni alingoja ukate simu ndipo akuulize.

"Ipo wapi, Baba Warda?"

"Iko kwa watu."

Umekufa, na bado iko kwa watu.

Sasa tukueleze yaliyotokea mwezi huu, maana yanakuhusu, na kuna wengine wanaosoma tangazo hili ambao yanawahusu vilevile.

Warda yuko muhula wa mwisho. Mgeni ameendesha kazi yako mwaka mzima, anafunga maturubai na vijana wa kukodi, na kudai anadai kwa sauti ambayo wewe hukuwa nayo. Alilipa ada mpaka pakabaki laki nne na nusu. Ndipo Warda akapiga simu. "Mama, mwisho ni Ijumaa. Asiyemaliza ada haingii kwenye mtihani, anarudi mwakani. Usihangaike, nitarudia tu." Alilisema hilo la kurudia kwa upole mno, upole wako uleule, na Mgeni akapandwa na hasira kuliko kama mtoto angelia.

Akaandika kwenye grupu la ukoo na majirani, kwa adabu zote, akiomba msaada. Alijibiwa kwa mikono ya dua. Shangazi mmoja akaandika "Mungu atafanya wepesi." Mwingine akatuma ua. Hela haikuja.

Siku ya pili yake, kwenye grupu hilohilo, Mohamedi akatangaza hitima yako ya mwaka. Pilau, ng'ombe mzima, kadi za mwaliko. Michango itumwe kwenye simu ya mjane. Baba Warda, simu ililia mpaka jioni! Watu waliotuma dua na ua wakatuma hela. Watu unaowadai tangu Warda yuko sekondari wakatuma hela. Jirani Lourenco, yule muuza mchele ambaye kwao ni ng'ambo ya mto Ruvuma, akaleta gunia zima na mkokoteni wake. Mgeni alikaa kitandani anaangalia salio likipanda, na badala ya kufurahi akaigeuza simu kifudifudi. Ulipoomba ukiwa hai walikuuliza ngoma lini. Sasa ngoma imepatikana, nayo ni kifo chako.

Hakuigusa ile hela. Alikwenda kwanza kwa shehe.

"Kisomo hakina sharti la wali," shehe akamwambia. "Msomeeni, muombeeni, inatosha. Lakini hela ya watu ina wenyewe, Mama Warda. Waulize."

Akawauliza. Aliandika kwenye grupu kwamba anaomba ruhusa yao ili hela ya pilau imlipie mtoto wa marehemu ada, na kisomo kisomwe kwa chai ya rangi. Wote wakasoma. Wote wakanyamaza. Kesho yake asubuhi Mohamedi akafika mwenyewe kutoka Msimbati, hata kukaa hakukaa.

"Shemeji, tutaonekanaje? Mtu aliyesimamia shughuli za mji huu, mwaka wake upite kwa chai ya rangi?"

"Wataona tuna mtoto anasoma, shemeji."

"Ada utatafuta. Ada haikosekani. Hii ni heshima ya ndugu yangu."

"Ndugu yako alikuwa anabeba viti kwa baiskeli, na presha, ili huyu mtoto asome. Uliiona heshima yake siku hizo?"

Mohamedi akarekebisha kofia yake. Kisha akasema, "Basi fanyeni mnavyotaka. Ila jina langu kwenye tangazo lenu msiliweke." Akaondoka bila kunywa maji. Hilo lilimuuma Mgeni, kwa sababu Mohamedi si mtu mbaya. Ndiye aliyekuingiza kaburini kwa mikono yake, na alilia kuliko sisi sote.

Jioni Lourenco akapiga hodi. Mgeni alipomwona alijua kimeongezeka kingine.

"Mama Warda, nataka nchele wangu."

"Chukua, Lourenco. Uko palepale ulipouweka."

"Nauchukua, naenda kuuza. Hela nakuletea, umlipie ntoto." Akasimama kidogo mlangoni. "Suleimani aliniombaga nchango, nikampa beseni. Beseni jamani! Ntu anaomba ada, nampa beseni. Kila nikipita hapa naona haya."

Baada ya Lourenco simu ilianza kulia tena, mmoja mmoja. Shangazi wa "Mungu atafanya wepesi" akaandika, "Mimi nimeridhia." Kijana mmoja unayemdai viti vya harusi, na sasa ana watoto wawili, akaandika hivyohivyo. Si wote. Ila waliokubali walitosha, na wasiokubali hela zao Mgeni amezitenga. Ijumaa asubuhi akalipa. Alimtumia Warda risiti, kisha akaenda kulala mchana kweupe, jambo ambalo hajalifanya tangu tukuzike.

Kwa hiyo waliochanga na hawakuridhia waje, hela zao zipo, watarudishiwa leoleo. Hawataambiwa wasubiri korosho. Na wale ambao bado wana viti na sufuria za Suleimani Turubai majumbani mwao wanajijua, nasi tunawajua.

Tumekuwa na hasira na watu, Baba Warda, lakini kubwa zaidi tumekuwa na hasira na wewe. Mgeni anapofunga kamba za turubai huwa anakusema kwa sauti, vijana wanadhani anawasema wao. Anakuuliza kwa nini ulikuwa na huruma na kila mtu isipokuwa moyo wako mwenyewe. Anakuuliza kwa nini hukumwambia kifua kilianza kukubana tangu wiki iliyotangulia, tukaja kulisikia kwa mtu wa duka la dawa. Halafu anakaza fundo la mwisho kama ulivyomfundisha, kwa sababu hajui kulifunga kwa namna nyingine.

Kisomo ni Jumatatu hii baada ya sala ya Alasiri, nyumbani kwako Rahaleo. Mikeka ipo, kivuli kipo, chai ya rangi ipo. Pilau hakuna. Anayekuja kukuombea dua, karibu sana.

Warda hatakuwepo. Saa hizo atakuwa ndani ya chumba cha mtihani. Jana Mgeni alimuuliza kwenye simu kama haimuumi kukosa kisomo cha baba yake.

"Inaniuma, Mama," akasema. "Lakini Baba angeniona nimekuja, angenishika mkono mpaka stendi anirudishe."

Mgeni akacheka, Baba Warda. Alicheka kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu uondoke, kisha akampa Shamimu simu aendelee kuongea, maana yeye alikuwa hawezi tena.

Unakumbukwa na mkeo Mgeni. Watoto wako Warda na Shamimu. Dada zako wote wa Mikindani. Jirani yako Lourenco na familia yake. Na kaka yako Mohamedi wa Msimbati. Alikataza jina lake lisiwekwe. Tumeliweka, kwa sababu ni kaka yako, na mkeka wake tutautandika.

Mwaka mzima tumekukasirikia, na haikupita siku hata moja bila kukukumbuka. Na miaka mingine yote ijayo itakuwa hivyohivyo.