Bwana Kimya na Farasi Wake Mweupe

Jumatatu, 4 Agosti 1997

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Ajuaye yaliyo vifuani kabla hayajafika kalamuni. Rehema na amani zimshukie Mtume wake. Ama baada ya hayo, nakusalimu, ewe msomaji wa daftari hili — ambaye ni mimi mwenyewe, Harithi, mwalimu wa chuo cha Kurani hapa Majengo, umri miaka sitini na minane, magoti mabovu.

Leo kamati ya msikiti imenipa kazi. Jatin, mwana wa Ramniklal muuza vitambaa, amepanga chumba cha wakfu wa msikiti nyuma ya soko. Ameweka humo televisheni mbili na michezo ya gemu. Tangu biashara ziachiwe huru, hakuna kisichoingia nchini. Mwenyekiti wetu, Bwana Bushiri, anataka atolewe. Wengine wanasema aachwe, chumba ndicho riziki yake. Wakakubaliana: Maalim Harithi akatazame, alete ripoti Ijumaa ya tarehe 22, na atakalosema ndilo litakalofuatwa.

Niliipokea amana hiyo kwa uzito. Nikarudi nyumbani polepole kuliko kawaida, ili watu wauone uzito.

Jumatano, 6 Agosti

Nimekwenda. Jatin aliniamkia vizuri, akanifutia kiti kwa kitambaa chake cha mfukoni.

Ndani ya televisheni mna mpiga upanga. Vijana wanamwita Bwana Kimya. Husimama darajani peke yake, hasemi neno, harudi nyuma hata hatua. Habari zake wanasimuliana kama za mashujaa wa zamani — eti yuko mtu wa mtaa wa Makole aliyewahi kumfikisha ng'ambo ya daraja, mara moja tu, kisha umeme ukakatika!

Nilikusudia kukaa dakika kumi. Nikaondoka kwa adhana ya magharibi. Yote hayo ni uchunguzi.

Jumamosi, 9 Agosti

Kumbe meza ya nyuma kuna mchezo mwingine, usiohitaji umeme. Karatasi, penseli na maneno basi. Jatin aliujulia India alikokuwa akisoma. Yeye husimulia safari; kila mchezaji hujitengenezea mtu, akasema mtu huyo anatenda nini. Wachezaji ni wawili: Tereza, mkatisha tiketi wa stesheni, na Zaidi, muuza mahindi. Wakanikaribisha. Nikakataa. Nikauliza tu, kwa ajili ya ripoti: mtu akitaka kumtengeneza Bwana Kimya, huanzia wapi?

Huanzia kwenye alama arobaini, azigawe. Nguvu nikampa kumi na nne. Ujasiri, kumi na tatu. Elimu, nane — asije akanitia aibu. Zikabaki tano, zote nikaziweka kwenye Subira. Hapo Jatin akataja kwamba farasi huuzwa alama mbili.

"Mweupe?"

"Ukimtaka mweupe, Maalim, ni mweupe."

Subira: tatu. Na mimi nimefundisha mlango wa subira kwa miaka thelathini na miwili!

Likabaki dadu la kuamulia nani ashinde, lenye pande ishirini. Nikasema dadu siligusi, walimu wangu hawakuniachia ruhusa hiyo. Wakatazamana. Tereza akasema, "Si tuandike namba kwenye vikaratasi, Maalim awe anachomoa?" Chombo cha kuvitia kikakosekana. Nikavua kofia.

Alhamisi, 14 Agosti

Aibu. Bwana Kimya, ambaye sifa yake yote ni kutosema, leo amewahutubia wanyang'anyi wanne mlangoni mwa pango. Mada: haki za msafiri.

Zaidi alitazama saa. "Maalim, shujaa wako anaitwa nani vile?"

Tereza alicheka hata akashika meza. Dakika ishirini na tano, Zaidi amenihesabia. Wanyang'anyi walijisalimisha. Nilidhani ni kwa hoja zangu. Jatin anasema walichoka.

Jumanne, 19 Agosti

Tumelishinda joka. Chini yake palikuwa na gunia la dhahabu. Zaidi akasimama kabisa, akipangusa mikono kama aliyeletewa sahani ya pilau. Nikasema: ngojeni. Mali iliyookotwa hutangazwa mwaka mzima, mwenyewe atafutwe.

"Mwenyewe ni joka, na tumeliua!"

"Joka liliiba. Mwizi hamiliki."

"Maalim, hii dhahabu ni ya penseli!"

"Uaminifu wangu si wa penseli," nikasema. Maneno mazito. Niliyafurahia mwenyewe.

Jatin, masikini, akasema mwaka anaweza kuupitisha kwa sentensi moja. Nikakataa. Nikataka kila mnada utajwe. Basi Bwana Kimya akapanda farasi wake mweupe, akazunguka minada ya miezi kumi na miwili, akinadi gunia. Mwezi wa tisa Jatin alikuwa ameishiwa majina ya miji, akaingiza Gulwe, stesheni ndogo ya reli yetu. Mwezi wa kumi na mmoja aliweka penseli chini, akasema: amekuja mama mjane, amelitaja gunia hata rangi ya kamba yake. Bwana Kimya akamkabidhi. Tereza akapenga kamasi. Zaidi aliondoka bila kunipa mkono, lakini mlangoni aligeuka: "Keshokutwa saa ngapi?"

Chumba hiki hakina ubaya. Nitaandika hivyo.

Alhamisi, 21 Agosti

Ripoti nimeianza mara tatu. "Baada ya uchunguzi wa kina..." Nikaichana.

Tatizo ni hili. Shahidi mwenye maslahi ushahidi wake haupokelewi. Hilo nimewafundisha nusu ya wajumbe wa kamati, wengine kwa bakora. Nikisema nimecheza, neno langu la kumtetea Jatin linaanguka, naye anatolewa. Nikificha, Jatin anabaki na chumba chake, nami nabaki na uongo wangu.

Bwana Kimya alitangaza dhahabu ya penseli mwaka mzima. Mwenye kumchora hawezi kutangaza siku tatu za kucheza! Nimecheka peke yangu, kisha sikucheka tena.

Ijumaa, 22 Agosti

Nimesema. Baada ya sala nilimvuta Bwana Bushiri kando, nikamweleza yote: vikaratasi, kofia, hotuba, farasi.

"Wewe, Maalim?"

"Mimi."

"Na farasi?"

"Na farasi."

Alinitazama kama anayemtazama mtu aliyetoka nje bila kanzu. "Basi ushahidi wako umeanguka."

"Umeanguka."

"Nitakwenda kutazama mwenyewe, sasa hivi. Nikikuta upuuzi, kufuli leo leo." Akapita dukani, akanunua kufuli jipya, bado lina karatasi yake.

Naandika haya nikiwa kwenye benchi, nje ya dirisha la Jatin. Kuingia nimekatazwa. Mwanzo nilisikia sauti ya Mwenyekiti, kali: hiki nini, kile nini. Jatin akajibu kila swali kwa "ndiyo mzee". Kisha kiti kikaburutwa. Nimesoma kila dua niijuayo.

Sasa Mwenyekiti anasema: "Hapana, mimi sichezi. Nauliza tu." Na baada ya kitambo: "Huyo farasi ni lazima awe mweupe?"

Tereza ametoka mbio. "Maalim, Mwenyekiti anaomba kofia yako."

"Anayo yake."

"Anasema yake ni mpya."

"Na kufuli?"

"Liko mezani mbele yake. Hajalifungua, hajaliondoa."

Nimempa. Nimekaa kichwa wazi mbele ya soko zima, na watu wananisalimu kwa huruma. Ewe Mola, mbariki atakayelisoma daftari hili, na watu wa nyumba yake, wazima na waliotangulia. Na chumba hiki kidogo cha nyuma ya soko, pamoja na waliomo. Ninasikia vikaratasi vinatikiswa. Mwenyekiti anachomoa —