Kishikio cha Darubini

Trysil, Agosti 30

Mdogo wangu Åsmund,

Huku hatujambo. Viazi vimekubali, na mbwa amezeeka kama mimi. Macho yangu hayalengi tena bila darubini, kwa hiyo nimehangaika kutafuta kishikio cha kuifunga kwenye ile bunduki kuukuu ya jeshi ya Baba. Fundi aliitazama akacheka: "Mama, hivi vitundu katoboa nani, mlevi? Hakuna kishikio kitakachokaa hapa." Nikamwambia ni wewe, ulipotaka kuifungia darubini yako.

Unakumbuka Baba alivyofoka? "Umenitobolea bunduki kama kopo! Usiiguse tena!" Nawe ukapanda ndege kwenda Kanada, ukanyamaza miaka thelathini na minane.

Risasi nazo ziliniishia. Za dukani Baba alizidharau, si unajua? Alizijaza baruti mwenyewe pale jikoni, na sisi hata kupiga chafya marufuku. Basi jana nikalifungua kabati lake. Nyuma ya mizani ya baruti nikakuta kishikio chako, kimeviringishwa kwenye kitambaa chenye mafuta, skrubu zote nne zipo. Chini yake palikuwa na boksi la risasi ishirini. Juu ameandika kwa penseli, mwaka uleule ulioondoka: "Za Åsmund. Nimezijaribu kwa darubini yake. Zinapiga sawasawa."

Sijagusa hata moja. Uwindaji wa kulungu unaanza mwishoni mwa Septemba, na pale mahali pako pa kuvizia juu ya kijito hatujawahi kumpa mtu.

Dada yako,
Ragnfrid