Ng'ombe Wamefungwa, Mwizi Hakuna

Jumamosi, 2 Agosti 1952

Maziwa yamefika mapema. Baba Nkwabi kayaleta kwa miguu, kibuyu begani, kama kila Jumamosi. Nimemwamkia, kaniuliza habari za shule ya mwanangu Kabula, kaondoka. Mbele ya watu hatutaji ng'ombe. Wakunga wenzangu hapa hospitali ya Kolandoto wanadhani nanunua maziwa. Wacha wadhani. Ng'ombe ni wangu, kwa mshahara wangu, nimewabilisa kwake. Yeye anachunga na kukamua, mimi nabaki mwenye mali, na siri ni ya wawili. Bila hivyo Maganga angeshawasomba zamani. Tangu tumzike mume wangu, huyu shemeji akija kunisalimia macho yake yanatembea nyumba nzima.

Hao ng'ombe ndio shule ya Kabula. Sina kingine.

Jumatano, 6 Agosti

Askari wamechukua ng'ombe. Wote, wa Baba Nkwabi na wangu. Mfanyabiashara mmoja wa njia ya Geita anasema kaibiwa, basi askari wanapita boma kwa boma kuangalia alama za masikio. Kwa Baba Nkwabi wakakuta alama mbili tofauti. Wakamuuliza hawa wengine wa nani. Akasema wote ni wake.

Angesema nini? Ng'ombe wa kubilisa hatajwi kwa mgeni, hata mgeni akiwa na bunduki. Mzee katunza neno alilompa rafiki yake, marehemu baba yangu, kwamba siri yangu haitatoka kinywani mwake. Nimejaribu kumlaumu, nimeshindwa.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeomba ruhusa kwa Sista, nimekwenda polisi Shinyanga. Nikasema kwa sauti, mbele ya watu wote, kwamba ng'ombe wenye pengo sikio la kushoto ni wangu. Koplo akatabasamu.

"Mzee kasema wake, wewe unasema wako. Ng'ombe mmoja ana wenyewe wawili?"

Nikamwambia anishitaki basi. Nikasimame barazani mbele ya hakimu, niwalete walioniuzia.

"Hatukushitaki, Mama. Nenda nyumbani."

"Basi nipe ng'ombe wangu."

"Hao ni kielelezo."

Kielelezo cha kesi gani? Koplo akaanza kunoa penseli.

Niliwaona uani. Juani, midomo mikavu. Askari mmoja anamkamua yule mwekundu mwenye paji jeupe, kwenye sufuria ya wali. Hajui. Anavuta chuchu kama anang'oa muhogo. Nikamtukana kwa Kisukuma. Alielewa, akainamisha kichwa. Nawachukia.

Jumanne, 12 Agosti

Maganga kaja. Maneno yangu ya kituoni yamemfikia, tena kwa haraka. Kanywa uji wangu, kaomba mwingine, kisha kasema ng'ombe wa nyumba ya kaka yake ni wa ukoo. Kesho anakwenda polisi kuwadai. Sasa ng'ombe mmoja ana wenyewe watatu. Koplo atafurahi.

Nimemwambia uji umeisha. Ulikuwepo.

Jumamosi, 16 Agosti

Hakuna maziwa.

Ijumaa, 22 Agosti

Nimezalisha mke wa askari. Yule wa sufuria. Mtoto mzuri, kalia vizuri. Baba yake kaja na kofia mkononi, kanishukuru, kaniita Mama Kabula kwa adabu. Nikamuuliza hali ya ng'ombe. Akasema hilo ni la wakubwa. Yeye anakamua tu.

Ijumaa, 29 Agosti

Wameuzwa mnadani wote, wangu na wa Baba Nkwabi. Nimeambiwa na mchinjaji, hakuna aliyeniita. Na lililonichoma zaidi: ng'ombe wa yule mfanyabiashara walipatikana wiki iliyopita porini. Walipotea. Hakuna aliyewaiba. Nimekwenda kwa koplo nikamwambia mwizi hakuna, kesi hakuna, wangu wako wapi. Akasema mnada ulikuwa umeshatangazwa, na fedha imeingia serikalini kulipia malisho. Malisho gani? Wamelishwa vumbi.

Maganga naye alikuwepo mlangoni, kaambiwa hivyo hivyo. Tumetoka pamoja. Kwa mara ya kwanza nikamwona amezeeka. Sikumwonea huruma.

Jumatatu, 8 Septemba

Shule imefunguliwa. Kabula yupo nyumbani. Kafagia uwanja wote, na wa jirani.

Jumamosi, 13 Septemba

Baba Nkwabi kaja saa ile ile ya maziwa. Kabula akakimbia kumpokea. Kibuyu kilikuwa kitupu. Mzee kakiosha, kakifukiza moshi ndani vizuri, kama anavyofanya kabla ya kutia maziwa.

"Hiki ni chako, mwanangu," akaniambia. "Sikutaka kikae kwangu bure."

Kutoka kwake hadi hapa ni mbali, na magoti yake ni mabovu. Nimempa kiti. Kabula kakitundika kibuyu msumarini. Tukanywa chai ya rangi.