Mkate wa Randall

Orlando, Jumatano

Mama Verna,

Wajukuu wako wanakusalimu, pua zimebabuka kwa jua. Ule ujanja wako umetufaa: chupa za maji tunazigandisha usiku, zinapoza sanduku la chakula, mchana tunazinywa. Huko ndani ya bustani ya mabembea soseji moja ni bei ya kuku mzima, kwa hiyo saa sita tunatoka kula mikate yetu kwenye gari, milango wazi. Leo Trent alilalamika, "Mama, tunanuka siagi ya karanga mpaka wenzetu wanatukimbia!" Dada yake Kaylee akamwambia, "Basi kale soseji kwa macho."

Kisha nikakuta mkate mmoja umezidi: siagi ya karanga na matango ya siki. Mama, duniani ni Randall wako peke yake anayekula uchafu huo. Tangu aondoke nyumbani sijautengeneza, ila alfajiri nilikuwa na usingizi, mikono ikajifanyia yenyewe. Kaylee akauliza taratibu, "Huo tumwekee Baba?"

"Utaharibika," nikasema, nikaula mwenyewe. Miaka yote namcheka, kumbe mtamu.

Mama, najua yuko kwako. Kila nikipiga simu unanong'ona kama mwenye mgeni aliyelala. Sikulaumu, ni mwanao; mpikie vizuri. Akikuuliza habari zetu, huu mkate usimtajie. Mwambie tu yale matango yake bado yapo kwenye friji yetu.

Mkweo,
Tammy