Nilimwomba Bosi wa Binti Yangu Asogeze Safari ya Chombo cha Angani

Kwako Bi Wahida,

Salamu nyingi kutoka Riyadh, mimi ni mzima, madam ni mzima, na gazeti lako hunifikia likiwa limezeeka kidogo kwa sababu Eric, dereva wetu, huletewa na Wakenya wanaotoka likizo, lakini mimi hulisoma mpaka matangazo ya vifo. Naomba unisaidie na usikawie, kwa maana nimezoea kujisaidia mwenyewe na safari hii nimejisaidia vibaya.

Kwanza nikwambie mimi ni nani ndio unielewe. Mimi ni Priscah, mama yake Valary. Niliishia darasa la saba, baba yake alifariki mtoto akiwa anatambaa, na nilikuja huku kumpikia madam Valary alipopata skolashipu ya kwenda Marekani, kwa sababu skolashipu inalipa masomo, hailipi sweta wala nauli, kwa hivyo ukiona mtoto amekuwa injinia ujue kuna mama amekaanga sambusa za Ramadhani nyingi hawezi kuzikumbuka. Leo ana grini kadi na ameajiriwa na kampuni ya watu binafsi inayopeleka mizigo kwenye kile kituo kinachozunguka juu angani, ambako watu wanaishi miezi na miezi wakielea tu ndani, hawana duka, hawana shamba, chakula, maji, soksi, yote wanapelekewa, vile madam anavyoletewa gesi. Valary ndiye anayejaribu vyombo hivyo kabla havijaruka, na yumo kati ya wale wanaopanga siku ya kuruka. Hapo watu wengi hawaelewi, wanadhani ni kupakia na kuondoka. Kule juu maegesho ni machache, kukiwa na mwingine unangoja. Kuna majuma jua linakipiga kituo kwa pembe mbaya. Wale walio ndani lazima wawe tayari kukidaka chombo kwa mkono wa chuma, na kabla ya hayo yote kila waya na kila valvu inajaribiwa kwenye baridi na kwenye joto, ikikataa moja, mnapanga upya. Nimeyaeleza haya mpaka siku hizi Eric ananimalizia sentensi.

Sasa Valary ana mchumba, Laban, kijana mtulivu sana anayefundisha chuo cha ufundi Webuye, na mama yake Laban, Celestine, pia yuko huku Saudia, anamtunza hajja mmoja mzee pale Al-Hindawiyah, Jeddah. Kwa hivyo harusi yetu ilikuwa na makafili wawili, yaani waajiri wenye ruhusa zetu, wangu na wake, na kufanya likizo zetu zikutane ni kazi ambayo hata Valary na kompyuta zake asingeiweza. Yangu ilikuwa imeshaahirishwa. Kwanza madam alisema nisiondoke mpaka Ramadhani iishe, kisha dada yake akawa karibu kujifungua, kisha wakaja wageni, na mimi kila mara nilisema hadir, madam, yaani sawa nimesikia, nikarudi jikoni. Hatimaye zikakutana, viza za kutoka na kurudi zikagongwa, kanisa likaambiwa. Nikampigia Valary kwa furaha, naye akaniambia juma hilo hilo ndilo chombo kipya wanachokijaribu kimepangiwa kuruka, na yeye hawezi kukosa.

Nilipompasha Celestine alinitumia sauti kwenye simu, na kila nikiisikiliza inaniuma upya. Alisema, "Mwenzangu, niulize tu. Huyu mtoto anaolewa na Laban ama na hiyo roketi?"

Hapo ndipo nikaamua kutumia akili. Bi Wahida, miaka yote hapa nimejifunza kwamba kitu kikikwama hutafuti kanuni, unatafuta mtu. Ikama yangu, kile kibali cha kuishi huku, ilipokwama, baba mwenye nyumba alimpigia binamu yake mmoja, halas, ikatoka. Wenyewe wanaita wasta. Nikajiuliza, mimi nina mtu gani kwenye kampuni ya mizigo ya angani? Nikakumbuka ninaye. Siku simu ya Valary ilipoingia maji alinipigia kwa simu ya bosi wake, na huyo bosi alinisalimia mwenyewe, sauti ya mtu wa heshima kabisa, na nambari ilibaki kwangu. Nikamwambia Eric aniandikie kwa Kizungu kizuri kwamba mimi ndiye mama wa Valary, nafurahi anavyomlea mtoto wangu, tuna harusi, na namwomba kama mzazi mwenzangu asogeze safari ya chombo mbele kidogo, na kwamba atakaa meza ya wageni wa heshima akija Webuye. Mpwa wa madam anasoma huko Marekani na alikuwa huku likizo akikaribia kurudi, nikampa katoni ya tende za Qassim aipeleke posta ifike ofisini, maana mtu hatumwi mikono mitupu.

Bosi alijibu kwa mstari mmoja. Eric akanisomea: asante kwa ujumbe, tarehe za safari hazipangwi hivyo, nakutakia harusi njema. Eric akasema, "Amekataa, Mama." Nikamwambia wewe ni dereva, hujui wakubwa wanavyoandika, mkubwa hakubali kwa maandishi.

Haikupita muda Valary akanipigia, akaniambia chombo hakiruki tena juma lile, kimesogezwa mpaka baada ya harusi. Kuna valvu moja ya mafuta ya kukisukuma, ikipata baridi haijifungi sawasawa, yeye ndiye aliyeigundua, na ndiye aliyesema kisiruke. Niliposikia valvu nikacheka moyoni. Nikasema hiyo valvu inaitwa Priscah.

Ijumaa ile Wakenya walikuwa wamekutana Al-Sulay kwa binamu yangu, karibu na maghala, nikawaeleza wote jinsi nilivyosogeza chombo cha angani kwa meseji moja na katoni ya tende, na wakanipisha kiti. Nilimpigia Celestine naye, akaniambia hongera, neno ambalo hajawahi kuniambia. Na kwa kuwa mimi nina adabu, nilimwandikia bosi tena, safari hii bila Eric, kumshukuru kwa kusogeza tarehe, na kwamba mimi na Valary hatutamsahau.

Bi Wahida, hiyo ya pili ndiyo iliyoniangusha.

Valary alipiga simu, hakunisalimia. Aliuliza, "Mama, ulimwandikia nini?" Nikasema nilisaidia. Akanieleza polepole kama anayemweleza mtoto. Kwao, anayesema chombo kisiruke lazima asiwe na sababu nyingine yoyote isipokuwa chombo. Alipoikataa ile valvu kulikuwa na wakubwa wenye haraka waliosema inatosha, ikaruke, naye akasimama peke yake. Sasa meseji zangu zimefika, bosi akalazimika kuziwasilisha kwenye mkutano, katoni ya tende iko mezani, na mtu mmoja akauliza kama kinachoumwa ni valvu au ni harusi. Wamewapa wengine valvu waijaribu upya, na yeye wamemweka kando mpaka majibu yatoke.

Akaniambia, "Nilisema kweli, Mama, na wewe umeifanya ifanane na ruhusa ya harusi."

Hilo neno nimelala nalo na kuamka nalo. Na anasema haji tena tarehe ile, kwa sababu akipanda ndege kwenda kuolewa juma hilo hilo, hata valvu ikitoka mbovu hakuna atakayemwamini. Tangu siku hiyo nikimpigia hashiki, nikimwandikia ananijibu "sawa" peke yake, na Valary si mtu wa neno moja, huyo alianza kuongea kabla ya kuota meno.

Celestine naye amesema harusi ni tarehe ile ama watu wake waangalie kwingine, kwa sababu hajja hatamwachilia tena karibuni. Viza yangu imegongwa, nisipotoka sijui madam atanipa lini nyingine. Sasa niambie, je, nimwandikie bosi mara ya tatu nimweleze kwamba valvu ni mbovu kweli na mtoto wangu hasemi uongo? Eric amekataa kuandika, lakini nimepata mwingine. Je, nimlazimishe Valary aje, kwani mimi ni mama yake? Ama nimwambie madam likizo basi, nikae hapa hapa na aibu yangu? Na ukichapisha, usinifiche jina, watu wa Riyadh wote watajua tu ni mimi.

Ni mimi, Priscah, mama yake injinia.

MAJIBU YA BI WAHIDA

Bi Priscah,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nikaacha. Jina lako nimeliacha kama ulivyotaka. La binti yako nimelibadilisha, na la kampuni nimelifuta, maana wewe ulikuwa umeandika yote, mpaka nambari ya simu ya bosi. Hivyo ndivyo ulivyoingia katika shida hii, na bado hujaiona.

Pole, bibi. Sikucheki kwa kuwa ulimpenda mwanao kupita kiasi. Mjane wa darasa la saba aliyemfikisha binti hapo ana haki ya kutembea kichwa juu, na kama ningekuwa Al-Sulay Ijumaa hiyo ningekupisha kiti mimi pia. Lakini ungekalia kiti hicho kwa jambo ambalo hukulifanya. Bosi alikukatalia kwa heshima, dereva akakusomea alivyokataa, nawe ukamwambia hajui kusoma. Halafu ukamshukuru mtu kwa kosa ambalo hakulitenda, ukamtia na mwanao ndani.

Wasta inafaa kwenye dirisha la ofisi, ambako karatasi ipo tayari ila mtu hataki kuinyanyua. Valvu haina binamu. Ile isiyojifunga haitajifunga kwa tende, na chombo kinachoisogelea nyumba yenye watu ndani kikashindwa kusimama, wewe ungeweza kumwandikia nani? Binti yako aliliona hilo, akasema hapana mbele ya watu wenye haraka. Kazi yake ndiyo hiyo. Wewe ulidhani kazi yake ni kupanga tarehe.

Sasa sikiliza. Bosi usimwandikie tena, wala kwa mkono wa Eric wala kwa mkono wa huyo mpya, ambaye umwambie apumzike. Mwandikie Valary. Kaa chini, uandike kwa mkono wako na kwa Kiswahili chako: nambari uliipata vipi, uliomba nini na siku gani, kwamba yeye hakujua, kwamba bosi alikataa nawe ukajifanya hukuelewa, na tende ni zako. Weka sahihi, piga picha, mtumie. Usiongeze sifa zake, usiongeze harusi. Akitaka kuwaonyesha wakubwa wake ataonyesha, asipotaka ataiweka. Hiyo itakuwa mali yake, na usimuulize ameifanyia nini.

Kumlazimisha kuja, hapana. Ungekuwa unampa yule aliyeuliza swali mkutanini jibu alilokuwa akilingoja.

Likizo, nenda. Viza imegongwa, na madam akishazoea kwamba hata ukiruhusiwa huendi, umekwisha. Panda ndege na Celestine, mfike Webuye, na mbele ya watu wake useme wewe mwenyewe kwamba harusi imesogea kwa mkono wako, si kwa kiburi cha msichana. Itauma. Sema fupi.

Kisha kuna jambo ulilolipita bila kuliona. Katika barua yako yote yamesemwa ya madam, ya hajja, ya Celestine, ya Eric, hata ya bosi wa Marekani. Laban hajasema neno. Mmemuuliza? Kijana huyo anaposa msichana wa kazi ya namna hii, tarehe zitasogea maisha yao yote. Ukifika, mkalishe peke yake umuulize kama anaweza kungoja valvu. Akisema anaweza, Celestine hana la kutafuta kwingine. Akisema hawezi, afadhali mjue sasa kuliko baada ya keki. Na ujitayarishe kwa hili pia, mwenzangu, nalo ni chungu: huenda wakaoana siku ambayo wewe na Celestine mko jikoni kwa wenyewe, mnaitazama harusi kwenye simu. Ni harusi yao. Nyinyi mmekwisha kuwapa miaka, tarehe waachieni.

Na kabla hujaondoka, Ijumaa moja rudi Al-Sulay, kwa watu wale wale. Waambie hukusogeza chombo. Waambie chombo kilisimamishwa na binti yako, kwa sababu kilikuwa kibovu na yeye peke yake ndiye aliyesema. Ukimaliza, wakikupisha kiti, kaa.

Usimsumbue kwa simu. Atapiga mwenyewe, si leo wala kesho. Pengine atakwambia majaribio yamekwisha na alikuwa sahihi, pengine atakwambia bado, pengine atakwambia tarehe imesogea tena. Lolote atakalosema, neno la kujibu unalo, madam wako analisikia kila siku. Mwambie hadir, mwanangu, kisha urudi jikoni.

Bi Wahida