Nyuzi Nne za Ukulele Yako

Mpendwa Yaya Amisi, kaka yangu,

Nimekaa kwenye benchi lako la karakana. Usinigombeze, nimesogeza vikopo vyako vya gundi ili nipate pa kuwekea karatasi. Ni Jumatano, adhuhuri imeswaliwa. Keshokutwa baba mdogo Saidi anataka hitima yako isomwe hapa nyumbani, na mimi, mdogo wako wa tumbo moja, nimeambiwa nilegeze nyuzi za ukulele yako, hilo gitaa lako dogo, kama tulivyowalegezea wapigaji wengine wote waliofariki. Misimu miwili ya mvua imepita tangu upotee, anasema, na mama hawezi kuendelea kukuwekea sahani. Sijui nifanye nini. Ndiyo maana nakuandikia, na barua hii siifungi. Nakala moja nitaibandika kwenye mlango wa karakana wapigaji waisome, nyingine nitawapa watu wa pikipiki waende nazo Kabambare, Wamaza, mpaka Salamabila. Atakayekuona akusomee.

Unaikumbuka ile ya kwanza? Sista aliyefundisha kwaya ya watoto kule misheni alimletea marehemu baba ikiwa imepasuka tumbo, akaomba itiwe gundi. Baba alikuwa fundi wa vitanda na majeneza, aliigeuzageuza mkononi akacheka, akakupa wewe. Ulikaa nayo siku tisa. Uliiba kioo kidogo cha mama ukakiingiza kwenye tundu ili uone mbavu zake za ndani, ukapima kila kitu kwa kamba yenye mafundo. Ulipoirudisha kwa sista, tayari ulikuwa na ya kwako: kifua cha triplex, ile mbao nyembamba ya tabaka, vipande vya spoku za baiskeli mahali vidole vinapobana, nailoni ya wavuvi, na shingo ya mvule uliobaki kwenye jeneza la mtu wa mtaa wa pili. Hilo la jeneza ulinikataza kumwambia mama. Nilikuambia ukulele yako inafanana na kuku aliyenyonyolewa. Wewe uliipiga tu, na mama akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Amisi, hako kagitari kanalia sawa mutu," alisema, na hakurudi jikoni mpaka wali ukaungua.

Baada ya hapo ulishikwa na kazi hiyo. Nilikuwa nakushikia mbao, nakuchongea vifunguo vya kukazia nyuzi, na nakusagia chaki ya shuleni ya kuvipaka visiteleze. Ulitengeneza moja, ukaigawa. Ukatengeneza nyingine, ukaigawa pia. Mtu akija uani kwetu Jumapili tatu mfululizo akaazima na kupiga, Jumapili ya nne alikuta yake inamngoja. Muuza chumvi wa sokoni alipata, mwalimu wa madrasa alipata, Papa Lukali wa kwaya ya Wakatoliki, mwenye vidole kama mihogo, alipata yenye shingo pana. Na kila Jumapili, kabla ya wimbo wa kwanza, wote walikaza nyuzi zao kwa kusikiliza yako, iliyotundikwa kwenye msumari humu karakanani, kando ya mlango wa ndani.

Tuligombana kwa ajili ya uzi wa tatu. Ulikuwa unaushusha kidogo, kidogo tu, chini ya mahali pake. Mimi nilikuwa nimejifunza sauti kwenye kinanda cha misheni, nikakuambia umekosea. Ulinicheka. "Iko na huzuni kidogo, Zaina. Niachiye." Wageni waliokuja kutusikiliza walidhani Kasongo nzima hatujui kukaza nyuzi, na wewe uliona fahari.

Sharti la kulegeza nalo uliliweka wewe. Unamkumbuka Mwanaisha, mpigaji wetu wa kwanza kufariki. Mumewe aliirudisha ukulele yake, tukaitundika hapa kama ilivyokuwa. Kila mume huyo alipokuja kututembelea na kuzungumza, ile ukulele ilivuma ukutani, sauti nyembamba, hakuna aliyeigusa. Wapigaji walihama upande ule wa uani. Wewe ulieleza vizuri kwamba uzi uliokazwa hujibu sauti inayolingana nao, na kwamba hata sufuria hufanya hivyo. Lakini ulipomaliza kueleza, ulikuwa wa kwanza kunyoosha mkono na kuzilegeza. Tulipokuwa peke yetu uliniambia, bila kucheka, "Uzi ukikazwa, iko mutu anausikiliza." Tangu siku hiyo mpigaji akifa, mtu wa familia yake hulegeza nyuzi, wa nne kwanza na wa kwanza mwisho, na ukulele hutazamishwa ukutani siku arobaini. Kisha hukazwa upya na kupewa mwingine.

Halafu ukaondoka. Kulikuwa na mchimba dhahabu wa Salamabila aliyekuja kumzika shangazi yake hapa, akapiga nasi Jumapili tatu, akarudi machimboni kabla ya ya nne. Ukasema sharti ni sharti, yake lazima imfikie. Ya kwako ukaiacha msumarini, ile mpya ukaifunga mgongoni kwa kitenge changu, ukapanda pikipiki. Mimi nilikuwa nimenuna kwa sababu ya kitenge, sikutoka kukuaga. Nakuomba radhi.

Dereva alirudi peke yake. Alisema pikipiki ilimharibikia kabla ya Wamaza, na wewe ukashika njia kwa miguu. Nilikwenda, Yaya. Baba mdogo alikataa, nikaenda. Pale Wamaza mama mmoja muuza mafuta ya mawese alinionyesha kigoda ulichokalia. Alisema ulilala kwao, ukawapigia watoto, ukaondoka asubuhi mvua ikinyesha. Mbele ya hapo hakuna aliyekuona. Lakini kila kijiji nilichopita walikuwa wamekusikia. "Kagitari? Ndiyo, tulikasikia kule mu mashamba, tukafikiri ni mupita njia." Niliuliza lini. Wa kwanza walisema mwezi uliopita. Wa mbele wakasema juma lililopita. Kwenye kijiji cha mwisho kabla ya Salamabila, mzee mmoja aliyekuwa akitwanga mihogo aliinua kichwa akanitazama kana kwamba nauliza jambo la kipumbavu. "Leo asubuhi," alisema.

Nilikimbia kwenye majani alikonionyesha. Niliita jina lako mpaka sauti ikakauka. Palikuwa na mahindi ya watu na kimya. Na kule Salamabila yule mchimbaji alikuwa bado anakungoja, mikono mitupu.

Sasa nisikilize vizuri, kwa maana hili sijamwambia mtu.

Niliporudi, nilimkuta mama amesimama mbele ya ukulele yako. Unajua macho yake yamepungua, lakini masikio yake yanasikia mchwa wakila mlango. Alikuwa anapitisha kidole kwenye nyuzi, mmoja mmoja. "Kangali kanasema sawa," aliniambia. "Mutoto wangu iko muzima." Nikafurahi kwamba amepata kitu cha kushika. Kisha nikaogopa, kwa sababu nilipokuwa safarini wapigaji ndio waliokuwa wakiikaza, na nailoni ni nailoni na vifunguo vyetu ni vya mbao. Usipovigusa siku tatu, sauti inaporomoka. Basi nikawa naamka alfajiri kabla yake, napaka chaki, nakaza. Kila siku. Mama anakuja baadaye, anapitisha kidole, anakunywa chai yake kwa amani. Na Jumapili wapigaji wanakaza za kwao kwa kuisikiliza yako na kusema ajabu, tazama, haishuki. Papa Lukali alifanya ishara ya msalaba. Niliwatazama wote wakiamini.

Ramadhani ilipoingia nilishindwa. Nisingeweza kufunga mchana kutwa baada ya kumdanganya mama alfajiri. Siku ya kwanza ya mfungo sikuigusa. Nilijisemea, itashuka yenyewe, mama atasikia, atalia, na mambo yatakwisha.

Haikushuka.

Siku ya nne nilidhani ni hali ya hewa. Siku ya kumi nilidhani ni mama, nikamchunguza, lakini vidole vyake haviwezi hata kufungua kifuniko cha chupa. Siku ya kumi na tano nilichukua unga wa mbao ya mvule, ule wa kahawia, nikaumwaga sakafuni chini ya msumari kutoka ukutani hadi mlangoni, nikausawazisha kwa ubao. Asubuhi nilifungua mlango na kuchuchumaa. Unga ulikuwa vilevile, hakuna unyayo, hakuna hata njia ya mende. Ila chini kabisa ya ukulele, juu ya unga wa kahawia, palikuwa na chembe nyeupe za chaki, sehemu nne, kama zinavyodondoka mtu anapozungusha kifunguo.

Niliufagia haraka. Ramadhani imekwisha, nyuzi bado hazijashuka, na hata sasa ninavyoandika nimeipa ukulele yako mgongo na sipendi. Nimeogopa, Yaya, na katika kuogopa kwenyewe nimefurahi, na sijui ni dhambi au si dhambi. Maana kama nyuzi zimekazwa basi kuna mkono. Na kama kuna mkono, nitamruhusuje baba mdogo akusomee hitima? Nikilegeza Ijumaa nitakuwa nimekuzika ukiwa hai, kwa mkono wangu. Naiacha barua hapa. Mama ananiita.

Ni Jumamosi. Naendelea.

Ile Jumatano mama hakuniita kwa ajili ya maji, kama nilivyodhani. Alikuwa amekaa kwenye mkeka wake, akaniambia nikae. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia yote, chaki na unga na uongo wangu. Hakunipa nafasi.

"Zaina, ni weye ulikuwa unakaza kagitari ya yaya yako."

Nikasema, "Ndiyo, Mama. Nisamehe."

"Nilijua tangu siku ya kwanza. Uzi wa tatu weye unaupandisha, sawa vile walikufundisha kule misheni. Nilikuacha. Nilisema, mutoto ananipenda, anione niko mupumbavu, si kitu." Akasugua goti lake. "Lakini toka mwezi wa kufunga, ule uzi umeshuka. Si mukono wako."

Kila Jumapili nilikuwa nimeusikia uzi ule, Yaya. Niliusikia na kujiambia sisikii.

"Basi ni yeye, Mama," nilimwambia. "Amisi iko muzima. Tutawaambia wasisome hitima."

Mama alinitazama kwa yale macho yake yenye ukungu, na aliniambia kwa upole kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu. "Amisi wangu kama angekuwa muzima, angepita mu mlango. Angesema, Mama, niko na njala. Ule anayeingia bila kufungua mlango, ule hatuwezi tena kumuwekea sahani." Kisha akasema, "Amekuja kutuaga, na sisi tunamushika na hizi nyuzi. Ijumaa utalegeza."

Hitima ilisomwa. Uani palijaa, na Papa Lukali alikuja na kwaya yake nzima, wakakaa nyuma kimya, ukulele zao magotini. Nilizunguka shehe nikaenda kwenye msumari. Nilianza na wa nne. Ulipolegea, ukulele zote uani ziliguna, kila moja kwenye magoti ya mwenyewe, na nilimwona muuza chumvi akiifunika yake kwa kanzu. Wa tatu ulishuka taratibu, ulikuwa tayari uko chini. Wa pili. Nilipofika kwenye wa kwanza, mkono ulikataa. Mama alikuja akipapasa watu mabega, akaweka kiganja chake juu ya changu, tukazungusha pamoja. Baba mdogo akaigeuza ikatazama ukuta.

Leo asubuhi niliamka kabla ya mama. Naona haya kukuambia kwamba jana baada ya watu kutawanyika nilimwaga unga tena. Nilitaka nikute chaki. Nilitaka nikute umezikaza zote nne, hata kama ungeniua kwa hofu, nami ningesema, mmeona, nilisema mimi. Nilifungua mlango. Unga ulikuwa kahawia tupu toka ukutani mpaka miguuni pangu. Niliigeuza ukulele yako nikapitisha kidole, nyuzi zikagonga mbao, tak, tak, bila sauti yoyote. Zilikuwa zimelegea vilevile tulivyoziacha.

Hapo ndipo nilipolia, Yaya. Misimu miwili ya mvua sikuwa nimekulilia. Mama alinisikia toka chumbani, hakuja kuninyamazisha.

Mchana amepika wali, na ameweka sahani mbili, yake na yangu.

Siku arobaini zikiisha nitaipeleka mwenyewe ukulele yako Salamabila kwa yule mchimbaji, kwa njia ileile, na safari hii nikisikia kitu kwenye mashamba sitaita. Nitamkazia mimi mbele ya macho yake. Uzi wa tatu nitaushusha kidogo, kama ulivyotaka. Nenda salama, wala usigeuke nyuma kwa ajili yetu.

Mdogo wako, aliyekushikia mbao,
Zaina